Flotila ya 5 ya destroya za Uingereza na meli yake Kelly: maswali yanayorudiwa kila mara

Stori za vita vya pili baharini zikianza tu, lazima mtu aitaje Kelly, na hapohapo maswali yanakuja yaleyale. Nimeyaweka pamoja, ya kawaida juu na ya ubishi chini. Aliyekuja kwa ajili ya Krete aruke mpaka sehemu ya tatu, na wanaouliza Mombasa inaingiaje wako mwisho kabisa.

## Ya kuanzia

Flotila ya 5 ilikuwa kitu gani hasa?

Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linapanga destroya zake kwa makundi, kundi moja kawaida meli nane hivi, na mojawapo ndo inabeba mkuu wa kundi pamoja na maofisa wake wa mawasiliano, mizinga na topedo (bomu linalokimbia chini ya maji). Kundi hilo ndo flotila. Mkuu wake ni kapteni ambaye anaongoza meli yake mwenyewe na wakati huohuo anaziamuru zingine zote, kwa hiyo akikosea yeye wanaumia wengi.

Ya 5 iliundwa na meli za daraja la K: Kelly, Kandahar, Kashmir, Kelvin, Khartoum, Kimberley, Kingston na Kipling. Kelly ndo ilikuwa kiongozi. Ila usifikirie zilikuwa zinatembea nane kwa mstari kila siku kama kwenye picha za gwaride, hiyo ilikuwa nadra sana. Vita ilipoanza meli zikaanza kuazimwa, hii inasindikiza msafara huku, ile iko kwenye chelezo inatengenezwa, zingine zikapelekwa Bahari ya Shamu, na nafasi zao zikazibwa na za daraja la J. Ndo maana ukisoma habari za flotila hii mwaka 1941 unakuta Jackal na Jersey ndani yake na unajiuliza zimetoka wapi.

Destroya ni meli ya namna gani?

Ni manowari nyembamba, ya mbio, yenye bati jepesi tu ubavuni, silaha yake kubwa ni topedo. Kelly ilikuwa na urefu wa karibu mita 109, uzito wa kama tani 1,700 bila mzigo, injini za nguvu ya farasi 40,000 na kasi ya noti 36, ambayo ni kama kilomita 66 kwa saa, juu ya maji! Mizinga sita ya inchi 4.7, miwili miwili, na mirija kumi ya topedo. Ndani watu zaidi ya 200 wamebanana.

Kazi zake ni zote zile ambazo meli kubwa hazitaki au haziwezi: kuwinda nyambizi, kusindikiza meli za mizigo, kubeba wanajeshi wanaokimbia, kupiga pwani usiku, kuokota watu majini. Meli kubwa ikiwa bandarini inasubiri siku yake, destroya iko nje.

Kwanini majina yote yanaanza na herufi moja?

Waingereza walikuwa wanatengeneza destroya kwa mafungu na kila fungu lina herufi yake, J zikafuatiwa na K, basi. Kelly yenyewe ilipewa jina la admirali, Sir John Kelly. Iliundwa na Hawthorn Leslie kule Hebburn kwenye mto Tyne, ikashushwa majini Oktoba 1938, ikaanza kazi tarehe 23 Agosti 1939, yaani siku 11 tu kabla Uingereza haijatangaza vita.

Huyu Mountbatten aliyeongoza Kelly na flotila ndo yule wa India?

Ndo huyohuyo. Lord Louis Mountbatten, wa ukoo wa kifalme, mjomba wake Prince Philip, baadaye mkuu wa majeshi ya muungano Asia ya Kusini-Mashariki, alafu makamu wa mfalme (viceroy) wa mwisho wa India kwenye uhuru wa 1947, alafu akauawa na bomu la IRA ndani ya mashua yake huko Ireland, Agosti 1979. Ila mwaka 1939 alikuwa kapteni wa miaka 39 mwenye flotila mpya na hamu kubwa ya kuonekana. Shika hilo la hamu, litarudi huko chini.

## Mwaka wa kwanza, yaani mikosi

Ni kweli Kelly iliumia kila ilipotoka?

Karibu na kweli. Ilianza vizuri, tarehe 12 Septemba 1939 ilimchukua Duke wa Windsor (yule aliyeacha ufalme) na mkewe kutoka Cherbourg ikawaleta Portsmouth. Baada ya hapo ni hospitali tu. Kwenye bahari chafu karibu na Norway ilikimbizwa kasi kubwa ikalala ubavu vibaya mno, mashua zake zikang'olewa na mawimbi. Tarehe 14 Desemba ikaenda kusaidia meli ya mafuta iliyopigwa nje ya mto Tyne, ikagonga bomu la baharini na yenyewe, ikavutwa kurudi kwa mafundi walewale walioiunda. Imetoka huko, Machi 1940 kwenye theluji nzito ikagongana na destroya mwenzake Gurkha, omo (mbele ya meli) ikachanika. Ikatengenezwa tena. Mwanzoni mwa Mei ikafanya kazi nzuri kuwaondoa wanajeshi Namsos, Norway, chini ya ndege za Wajerumani, na siku chache baadaye ikala topedo.

Wakati huo wenzake ambao hawatajwi walikuwa wanafanya kazi. Tarehe 29 Novemba 1939 Kashmir na Kingston pamoja na Icarus waliizamisha nyambizi U-35, na mabaharia wote wa Kijerumani wakaokolewa wazima. Nani anaijua hiyo? Kelly bila kuzamisha kitu ndo iko kwenye kila kitabu.

Ilivutwaje siku nne bila kuzama?

Usiku wa tarehe 9 Mei 1940, kwenye Bahari ya Kaskazini, boti ya topedo ya Kijerumani S 31 iliipiga Kelly usawa wa chumba cha boila cha mbele. Tundu lilikuwa la kama futi 50, watu 27 wakafa, wengi wao wa boila ambao hata hawakujua kilichowapata. Meli ikainama, sitaha upande mmoja ikawa karibu sawa na maji. Kandahar ikachukua majeruhi, destroya nyingine, Bulldog, ikafunga kamba ikaanza kuvuta.

Na kama hiyo haitoshi, usiku huohuo boti nyingine ya Kijerumani ikatokea gizani kwa mbio zote, ikaigonga Bulldog, ikarukia juu ya Kelly ikafagia matusi ya pembeni, ikapotelea upande wa pili. Asubuhi ndege zikaja. Mountbatten akatoa watu karibu wote akabaki na wachache wa kuhudumia mizinga, wakatupa baharini kila kizito kinachotupika. Baada ya saa 91 wakaingia Tyne, tagi (meli ndogo za kuvuta) zikiwa zimeipokea kutoka kwa Bulldog, na watu wa Hebburn wamejaa ukingoni wanashangilia huku maiti zikiwa bado ndani ya chumba cha boila. Wengi wa hao marehemu wamezikwa makaburi ya Hebburn.

Sifa nyingi zilienda kwa nahodha, ila mi naona aliyestahili zaidi ni A. P. Cole, mchoraji wa hizi meli. Daraja la J na K lilikuwa la kwanza kwa destroya za Uingereza kuungwa mbavu zake kwa mtindo wa urefu, kutoka omo kwenda tezi (nyuma ya meli), badala ya zile za kukata upana tu, na mafundi wa zamani walikuwa wanaukataa mtindo huo. Mountbatten aliutetea, tumpe hilo. Meli ya mtindo wa zamani ikipata tundu lile ingekatika katikati.

Eti zilipakwa rangi ya pinki?

Ndiyo, jamani. Inasimuliwa kwamba kwenye msafara mmoja Mountbatten aliona meli ya Union-Castle, wale waliokuwa na meli za abiria zenye ubavu wa zambarau iliyopauka, ambazo wazee wa Mombasa na Zanzibar walizizoea bandarini, akagundua jua likizama hiyo ndo inapotea machoni kabla ya zingine zote. Akaagiza destroya zake zipakwe kijivu cha kuchanganya na uwekundu kidogo. Alfajiri na magharibi ilifanya kazi, mchana ilikuwa meli ya pinki.

Javelin ilihusikaje?

Kelly ikiwa kwa mafundi mpaka Desemba 1940, Mountbatten akahamishia uongozi kwenye Javelin. Usiku wa tarehe 29 Novemba 1940, kusini-magharibi mwa Uingereza, meli zake tano zikakutana na destroya tatu za Kijerumani: Karl Galster, Hans Lody na Richard Beitzen. Badala ya kuendelea kuzielekea na omo, akaamuru kugeuka ziende sambamba, kwa hiyo akawapa Wajerumani ubavu mzima wa kulenga. Topedo mbili zikaingia Javelin, moja ikakata omo, nyingine ikakata tezi, mabaharia 46 wakafa. Kilichobaki katikati kikaelea na kikavutwa nyumbani (mbavu za Cole tena, rejea swali la kuvutwa). Wajerumani wakaondoka zao bila shida kubwa.

## Krete, Mei 1941

Flotila ilifikaje Mediterania?

Ilitua Malta mwishoni mwa Aprili 1941 kusumbua misafara ya Waitaliano kwenda Libya. Tarehe 2 Mei Jersey ikagonga bomu la baharini kwenye mlango wenyewe wa Grand Harbour, ikazama palepale ikaziba njia, zilizokuwa ndani hazitoki na zilizokuwa nje haziingii. Wakaipiga Benghazi usiku mmoja. Alafu tarehe 20 Mei Wajerumani wakaanza kushusha askari wa miavuli Krete, na Admirali Cunningham, mkuu wa manowari za Uingereza Mediterania aliyekuwa Alexandria, akaita kila kinachoelea.

Shida ya Krete ilikuwa moja: Waingereza hawakuwa na ndege za kuwafunika, Wajerumani walikuwa nazo kwa mamia. Usiku bahari ni ya Cunningham, mchana ni ya Wajerumani. Tarehe 22 pekee zilizama Greyhound, Gloucester na Fiji. Kelly, Kashmir na Kipling zilikuwa zinaingia hapo.

Asubuhi ya tarehe 23 Mei ilikuwaje?

Usiku wake walifanya walichotumwa, walizamisha mashua za Wajerumani na wakaupiga uwanja wa ndege wa Maleme kwa mizinga. Kipling ilipata hitilafu ya usukani ikaachwa nyuma, kumbuka hilo. Kulipokucha Kelly na Kashmir walikuwa wanakimbilia kusini kwa nguvu zote wajiweke mbali na kisiwa, lakini muda haukutosha.

Karibu saa 2 asubuhi zikatokea Ju 87, zile ndege za kushuka wima zinazopiga kelele, 24. Kashmir ilipigwa ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Baharia mmoja Mwaustralia, Ian Rhodes, mzinga wake ulipofunikwa na maji alipanda kwenye mwingine wa juu akaendelea kupiga mpaka akaangusha ndege, akapewa nishani. Kelly ilikuwa inakata kona kali kwa noti 30 bomu lilipoingia, na kwa sababu ilikuwa imeshalalia ubavu kwa ile kona, haikurudi. Ikapinduka huku injini zinasukuma bado, mkuku (uti wa chini wa meli) ukawa juu, na walio kwenye daraja la nahodha wakajikuta chini ya maji wanatafuta njia. Mountbatten mwenyewe ndo hivyo alivyotoka. Ndege zikarudi zikawamwagia risasi waliokuwa majini, wanavyosimulia walionusurika. Kelly peke yake ilipoteza watu kama 130, zaidi ya nusu ya waliokuwamo.

Kwanini mizinga yao haikusaidia?

Kwa sababu mizinga mikubwa ya hizi meli ilikuwa inanyanyuka nyuzi 40 tu. Ni mizuri kwa kupiga meli nyingine, lakini ndege inayokushukia utosini huwezi kuielekezea. Walibaki na mizinga midogo ya karibu na ule mmoja wa inchi 4 uliowekwa mahali pa mirija mitano ya topedo. Waliochora meli hizi miaka ya 30 hawakuamini ndege ingeweza kulenga meli inayokimbia hivyo, na bili ililipwa na mabaharia.

Nani aliwaokoa?

Kipling, ileile iliyoachwa nyuma kwa usukani, na kwangu mimi hii ndo stori yenyewe ya Flotila ya 5. Nahodha wake Aubrey St Clair-Ford aliona moshi na ndege akajua kimetokea nini, akaja. Akakaa pale kama saa tatu anaokota watu waliojaa mafuta mazito, huku ndege zinarudi wimbi kwa wimbi, kila zikija anaondoa meli kwa mbio, mabomu yanatua pembeni, anarudi, anasimama, anaokota tena. Kusimamisha meli chini ya ndege ni kitu ambacho kila nahodha alifundishwa asifanye. Katikati ya hayo meli ikakwaruzana na mabaki ya Kelly yaliyokuwa bado yanaelea chini ya uso wa maji, tangi la mafuta likatoboka.

Alitoka na watu 279. Njiani mafuta yakamwishia kabla ya Alexandria ikabidi Protector ije kumpokea, na waliposogea bandarini siku ya pili meli zingine zilishangilia. Prince Philip, kijana aliyekuwa kwenye Valiant, alienda kumpokea mjomba wake akamkuta uso mweusi tii kwa mafuta, akacheka.

Krete kwa jumla iliwagharimu Waingereza kruza (manowari kubwa kuliko destroya) tatu na destroya sita zilizozama na mabaharia zaidi ya 1,800, na bado waliendelea mpaka wakatoa wanajeshi kama 16,500 kisiwani.

## Ya ubishi

Mountbatten alikuwa nahodha mzuri au bahati mbaya tu?

Wanaompenda wanasema alijua majina ya watu wake na walikuwa tayari kumfuata popote, na ushahidi wa hilo upo. Wasiompenda wangesema kitu kingine: bomu, mgongano, topedo, kona ya Javelin, vyote kwa mwaka mmoja na nusu? Bomu la baharini linaweza kumpata yeyote, na Krete hata malaika asingepona. Lakini kukimbiza meli kwenye bahari chafu bila lazima na ile amri ya usiku wa Novemba ni zake, na wakubwa wake walimlaumu kwa Javelin wakati uleule. Jasiri, mchapakazi, ila harakaharaka. Baada ya kila ajali alipanda cheo, na hapo ukoo ulisaidia, tusidanganyane.

Hata filamu ya 1942 iliyotengenezwa kwa kufuata stori ya Kelly, ingawa meli ilipewa jina la kubuni, aliisaidia mwenyewe. Kwa hiyo picha ambayo wengi wanayo ya destroya kwenye vita ile imepitia mikononi mwake.

Kama ni hivyo, ipi ilikuwa flotila bora?

Mi nasema nenda kwa Jervis, kiongozi wa meli za J, chini ya Philip Mack. Usiku wa tarehe 16 Aprili 1941, karibu na visiwa vya Kerkennah, Jervis na wenzake watatu waliumaliza msafara mzima wa adui, meli tano za mizigo na destroya tatu za Kiitaliano, wao wakapoteza Mohawk. Jervis ilipigana vita karibu yote, ikapata heshima 13 za mapigano, na inajulikana kwa kutopoteza hata mtu mmoja kwa mkono wa adui. Lakini haikuwa na lord ndani, kwa hiyo ukiitaja watu wanakuangalia tu.

Zilibaki meli ngapi?

Kati ya J na K zote 16, nne: Jervis, Javelin, Kelvin na Kimberley. Kipling yetu ilizamishwa na ndege tarehe 11 Mei 1942 pamoja na Lively, Jackal ikafuata kesho yake, na Jervis ikarudi Alexandria na manusura zaidi ya 600 juu yake. Kandahar ilienda kuisaidia kruza Neptune kwenye mabomu ya baharini nje ya Tripoli, Desemba 1941, ikanasa na yenyewe. Jupiter ilizama mbali kabisa, Bahari ya Java. Kelvin ndo ilimpeleka Churchill kuiona Normandy tarehe 12 Juni 1944.

## Inavyotugusa huku

Flotila ya 5 iliwahi kufika pwani ya Afrika Mashariki?

Kelly yenyewe hapana. Ila ndugu zake Khartoum, Kandahar, Kingston na Kimberley walifanya kazi Bahari ya Shamu mwaka 1940, maana Italia ilikuwa na manowari Massawa, bandari ya Eritrea, na njia ya mizigo ya kwenda Suez ilikuwa inapita hapo. Juni 1940 karibu na kisiwa cha Perim waliizamisha nyambizi Torricelli baada ya kupigana nayo juu ya maji, alafu saa chache baadaye topedo moja ya Khartoum yenyewe ikapasuka, moto ukafika kwenye baruti, meli ikaishia hapo. Oktoba mwaka huohuo Kimberley ikaisukuma destroya ya Kiitaliano Francesco Nullo mpaka ikapanda ufukweni kisiwa cha Harmil.

Na Kilindini?

Hiyo ni baadaye na ni meli zingine. Wajapani walipoipiga Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, admirali Somerville aliuhamishia msingi wa kundi lake la mashariki Kilindini, kwa hiyo destroya zilijaa Mombasa kweli, ila sio za Kelly.

Tukio ambalo watu wa huku wangepaswa kulijua kabla hata ya Kelly ni la Khedive Ismail. Meli hii iliondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, manesi na wengine. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topedo mbili ikazama kwa dakika chache, wakafa karibu watu 1,300. Destroya Petard na Paladin zilizokuwa zinaisindikiza zikaigeukia nyambizi, na mabomu ya kina (yanayolipukia chini ya maji) yalitupwa eneo lenye watu waliokuwa bado wanaogelea. Nyambizi ikazamishwa kwa topedo baada ya majaribio kadhaa. Kama Petard walifanya sawa au la watu wanabishana mpaka leo. Mi nahodha yule simwonei wivu, nyambizi ingeachwa ingerudi kwa meli zingine za msafara.

Mountbatten na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walikutana wapi?

Burma. Alipokuwa mkuu wa Asia ya Kusini-Mashariki kuanzia 1943, chini yake alikuwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliokata bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mwaka 1944 na kuichukua Kalewa mwanzoni mwa Desemba.

Mabaki ya Kelly yako wapi?

Chini ya bahari kusini mwa Krete, upande wa kisiwa cha Gavdos, kina ambacho hakuna mzamiaji wa kawaida anafika. Anayetaka kuona kitu kwa macho aende makaburi ya Hebburn, kuna mnara wa wale wa 1940.